Kabla Hujachagua Ukumbi: Mwongozo wa Kuandaa Mchezo Pamoja na Wasanii Wenye Ulemavu

Waliosikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam enzi zake wanaukumbuka mlio wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari. Mpigaji alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, na alikuwa haoni. Alizipanga ngoma nyingi kumzunguka, akazipiga peke yake, kila moja akijua ilipo. Hakuna aliyefungua redio ili amwonee huruma mzee yule. Watu walizisubiri zile ngoma kwa sababu zilipigwa vizuri.

Kilichomwezesha ni mpangilio. Ngoma zilikaa pale mikono yake ilipofika. Vikundi vyetu vingi vya maigizo hufanya kinyume cha hapo: vinaandika mchezo, vinakodi ukumbi wa ghorofa ya pili, vinapanga mazoezi ya kuanzia saa kumi na mbili jioni, halafu wiki ya mwisho mfadhili anauliza, “Na watu wenye ulemavu je?” Anatafutwa haraka kijana mmoja mwenye magongo, anapewa sentensi mbili za kumshukuru mgeni rasmi, anapigwa picha, basi.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo cha mjini au wilayani chenye waigizaji kumi hivi, simu za mkononi na fedha za kubana. Msimamo wangu ni huu: mahitaji ya msanii mwenye ulemavu ni taarifa ya kazi, sawa na kimo cha jukwaa au idadi ya taa. Yakijulikana mapema, mengi hayagharimu kitu. Yakijulikana usiku wa kuamkia onyesho yanakuwa ghali, na mara nyingi anayelipa ni msanii mwenyewe kwa kuachwa nje.

Hatua ya 1: Waite wasanii kabla mchezo haujaandikwa

Nenda kwenye vyama. Tanzania kuna CHAVITA cha viziwi, Chama cha Wasioona, Chama cha Watu Wenye Ualbino, na SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho lao. Kenya kuna vyama vya namna hiyo katika kaunti, pamoja na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye huwa na namba za simu ambazo wewe huna. Pita pia kwenye kwaya, kwenye madrasa zinazosifika kwa kaswida, na kwenye shule zenye vitengo vya elimu maalumu.

Ukifika, sema unachotafuta kwa lugha ya kazi. Ukisema “tunatafuta walemavu wa kuigiza” utaletewa mtu yeyote aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Sema unatafuta mchekeshaji, mtu mwenye sauti nzito, mtu anayeweza kumwiga mwenyekiti wa mtaa mpaka mwenyekiti akasirike. Utaletewa wasanii.

Mwaka 2017 kundi liitwalo Tanzania Albinism Collective, la watu wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, lilitoa albamu iitwayo White African Power. Walikuwa watu ambao jamii haikuwahi kuwahimiza kuimba. Vipaji vya namna hiyo haviji kwenye usaili kwa sababu tu umebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme. Aliyezoea kuambiwa akae kando haamini matangazo. Lazima aitwe, tena na mtu anayemfahamu.

Waite angalau wawili. Mtu mmoja peke yake katika kikundi hugeuzwa msemaji wa watu wote wenye ulemavu nchini, kazi ambayo hakuiomba. Na kikao hicho cha kwanza kilipiwe nauli na posho, kwa sababu ushauri wao ni sehemu ya uandaaji wa mchezo.

Ukihitaji hoja ya kumpelekea Afisa Utamaduni au mwenye ukumbi, zipo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaja haki zao katika ibara ya 54. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi zote mbili zimeuridhia, unasema katika ibara ya 30 kwamba watu hawa wapewe nafasi ya kukuza na kutumia vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na kwa kuistawisha jamii nzima. Hayo maneno ya mwisho yapigie mstari kabla ya kutuma barua.

Hatua ya 2: Muulize kila mtu, na usiulize jina la ugonjwa

Swali ni moja: unahitaji nini ili ufanye kazi yako vizuri? Liulize kwa kikundi kizima, kila mmoja kwa faragha, kwa ujumbe wa sauti au ana kwa ana. Utashangaa. Yule mpiga zeze wa siku zote atakwambia sikio lake la kushoto halisikii. Dada wa maleba atakwambia ana kifafa na taa za kumwekamweka humdhuru. Mwigizaji wako bora atakiri kwamba herufi humchezea machoni, na kwamba miaka yote amekuwa akikariri kwa kuwasikiliza wenzake.

Huku kwetu usonji huzungumzwa kama jambo la watoto, kana kwamba watoto hao hawakui. Watu wazima wengi hawajawahi kupimwa wala hawana jina la kuipa hali yao. Wamezoea kuitwa wakaidi, wazito au wenye majivuno. Ndiyo maana kudai cheti cha daktari hakusaidii. Mtu akisema kelele za ghafla humvuruga, hiyo inatosha kufanyia kazi.

Teua mtu mmoja wa kuyaandika mahitaji haya na kuyafuatilia, na jina lake liwe kwenye orodha ya waandaaji pamoja na la fundi taa. Kazi ya kila mtu haina mwenyewe.

Jambo dogo lenye uzito: zungumza na msanii, usizungumze na aliyemsindikiza. “Mama, atakula nini?” ni swali la kumdhalilisha mtu mzima wa miaka thelathini aliyekaa mbele yako. Na kama ni mkubwa kwako, mpe shikamoo yake kama mwingine yeyote.

Hatua ya 3: Badilisha usaili

Kumpa mtu karatasi ambayo hajawahi kuiona na kumwambia “soma kwa hisia” ni mtihani wa kusoma. Haukuonyeshi kama anajua kuigiza. Tuma kipande cha mchezo siku tano kabla, kwa njia mbili: maandishi na sauti. Kurekodi kurasa mbili kwenye simu na kuzituma kwa WhatsApp ni kazi ya robo saa. Kwa asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, tuma faili la maandishi ya kawaida. Ukurasa uliopigwa picha simu yake inaweza kushindwa kuusoma. Anayesoma nukta nundu anaweza kutaka nakala ya namna hiyo, nayo huchukua muda kutengenezwa, kwa hiyo muulize mapema. Mwenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, mchapishie kwa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi.

Waeleze watu kitakachotokea: wataingia chumba gani, watawakuta watu wangapi, watafanya nini, kwa muda gani. Kwa mwenye usonji maelezo haya yanaweza kuwa tofauti ya kufika na kutofika. Usimhukumu kwa kutokukutazama machoni. Mtazamaji wa safu ya kumi haoni macho ya mtu, anaona mwili na anasikia sauti.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo uchague mahali

Mwezi Juni 2019 mwigizaji Ali Stroker wa Marekani, anayetumia kiti mwendo, alishinda tuzo ya maigizo ya Tony kwa uhusika wake katika mchezo wa Oklahoma!, wa kwanza mwenye kiti mwendo kuipata. Sherehe ilifanyika Radio City Music Hall, New York, ukumbi wa watu wapatao elfu sita. Hapakuwa na njia ya mteremko kutoka viti vya watazamaji kwenda jukwaani, kwa hiyo alilazimika kusubiri nyuma ya jukwaa wakati wenzake wakiitwa kutoka vitini. Jiji lile halina shida ya fedha. Hakuna aliyekuwa amepima.

Basi chukua futi ya fundi uende kupima. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 hivi. Kiti mwendo kinahitaji nafasi ya mita moja na nusu kugeuka, iwe jukwaani, nyuma ya pazia au chooni. Njia ya mteremko ina hesabu yake: kwa kila sentimita moja ya kimo, sentimita kumi na mbili za urefu. Jukwaa la kimo cha sentimita 60 linadai mteremko wa zaidi ya mita saba. Ule ubao wa mita mbili ambao mlinzi wa ukumbi atakuonyesha kwa fahari, umelazwa juu ya ngazi, ni mtego. Na “tutambeba” si jibu. Mtu mzima hapendi kubebwa kama gunia mbele ya watazamaji wake, na kiti cha umeme hakibebeki.

Dawa rahisi kuliko zote ni kushuka. Chezeni chini, sakafuni au uwanjani, watazamaji wakae kwa duara au nusu duara. Sanaa zetu nyingi zilichezwa hivyo kwa karne nyingi, na jukwaa la juu lenye pazia jekundu ni mgeni wa juzi. Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa ambao wengi wao walipooza miguu kwa polio, walirekodi albamu yao ya mwaka 2009 kwa sehemu kubwa nje, kwenye bustani ya wanyama ya jiji, mahali walipokuwa wamezoea kufanyia mazoezi. Mitambo ndiyo iliyowafuata.

Kagua choo kabla hujakagua taa. Ukumbi wenye spika za kifahari na choo cha kuchuchumaa kilicho chini ya ngazi sita haukufai. Mwigizaji asiyeweza kufika chooni hatakunywa maji kutwa nzima, na ifikapo jioni utalalamika kwamba hana nguvu. Tafuta pia chumba kimoja kidogo kisicho na kelele, hata kama ni stoo iliyofagiliwa, kiwe mahali pa mtu yeyote kwenda kupumua bila kuomba ruhusa.

Mwisho, angalia barabara. Daladala na matatu mara nyingi hazisimami kwa mwenye kiti mwendo, na zikisimama, kondakta hutoza kiti kama abiria wa pili.

Hatua ya 5: Fedha

Tenga sehemu ya kumi ya bajeti kwa ajili ya mahitaji haya, tena uiandike kabla ya maleba na mabango. Humo viingie bajaji, msaidizi wa msanii (nauli yake, chakula chake, na malipo kama ndiyo kazi yake), mkalimani wa lugha ya alama, uchapishaji wa herufi kubwa, mbao na misumari. Isipotumika yote, vizuri.

Na msanii alipwe sawa na wenzake wa daraja lake. Kumpa fulana na soda kwa sababu “amepata nafasi ya kujionyesha” ni dhuluma. Usitumie picha yake kuombea fedha ambazo hatazigusa, na kabla ya kuichapisha mwombe ruhusa, ukimweleza itaonekana wapi.

Hatua ya 6: Mazoezi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo vikundi vingi hukata tamaa. Anza na muda. Mazoezi yenye ratiba iliyoandikwa, inayotumwa siku moja kabla na kufuatwa, huwasaidia wote. Kwa mwenye usonji, au mtu ambaye umakini wake hutawanyika, ratiba ndiyo sakafu anayosimamia. Ikibidi kubadilisha, mwambie mapema na umpe sababu. Pumzisheni kila baada ya dakika arobaini na tano. Ile tabia ya kuambizana saa nane na kukusanyika saa kumi, sote tunaijua, na sote tunajua nani anaumia zaidi: yule aliyekodi bajaji ili awahi.

Mwongozaji naye abadili ulimi. “Nipe moto zaidi” haina maana kwa mtu anayechukua maneno kama yalivyo. Mwambie: “Nenda hatua mbili kulia, simama, mgeukie mama yako, halafu sema polepole.” Nimeona waigizaji wasio na ulemavu wowote wakichangamka walipoanza kupewa maelekezo ya namna hiyo, kwa sababu nao “moto” hawakuwa wakiuelewa, walikuwa wakiitikia tu. Michezo ya kupasha mwili inayohusu kushikana au kupiga kelele iwe ya hiari. Asiyetaka kushikwa anaweza kushika mpigo kwa makofi. Anayetembeatembea, anayetikisa mikono au anayechora wakati wengine wanasoma mwache, huenda anasikiliza kuliko wote.

Mwigizaji asiyeona hujifunza jukwaa kwa miguu. Mpe saa nzima ya kwanza jukwaani bila watu. Tandika mkeka au bandika kamba nyembamba mita moja kabla ya ukingo, ili unyayo umwonye. Stuli ikikaa mahali leo, na kesho ikae hapohapo. Anayesogeza kifaa bila kusema anacheza na mguu wa mwenzake. Mweleze sehemu kwa saa ya ukutani: mlango uko saa tatu, mtungi saa moja. Faida moja utaiona siku umeme utakapokatika katikati ya onyesho. Wengine watapapasa, yeye ataendelea.

Kwa mwigizaji kiziwi, ishara za kuingia zisitegemee sauti. Tumia taa ndogo pembeni, mguso wa mwenzake, au ngoma. Ngoma kubwa juu ya sakafu ya mbao husikika kwa nyayo, na watu wanaopiga ngoma tunao. Mkalimani awepo tangu mazoezi, na apewe mchezo wote angalau wiki mbili kabla ili atafute namna ya kuzibeba methali na mafumbo. Kazi ikizidi saa moja, ajiri wakalimani wawili wapokezane kila baada ya dakika ishirini au thelathini, maana ukalimani huchosha akili na mikono. Angalieni pia lugha yenyewe: Lugha ya Alama ya Tanzania na ile ya Kenya ni mbili tofauti. Kikundi cha Tanga kinachovuka kwenda Mombasa kisidhani mkalimani wake atatosha.

Kisha msiishie kwenye kutafsiri. Deaf West Theatre ya Los Angeles, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilipopeleka mchezo wa Spring Awakening kwenye kumbi za Broadway, New York, mwaka 2015, iliwapanga waigizaji viziwi pamoja na wenzao wanaosikia waliotoa sauti na nyimbo zao wakiwa nao hapohapo jukwaani. Sisi tuna mtambaji wa hadithi, kiumbe ambaye kazi yake ni kuwasemea wahusika. Mpe mtambaji sauti ya yule kiziwi, na alama za kiziwi ziwe mwili wa hadithi, nawe utakuwa na mtindo ambao hakuna aliyekuuzia. Kila siku kabla ya mazoezi, robo saa ya kikundi kizima kujifunza alama, mwalimu akiwa kiziwi mwenyewe na akilipwa. Bila hivyo, msanii huyo atakula chakula cha mchana peke yake kwa miezi miwili.

Wenye ualbino huhitaji jambo ambalo waongozaji husahau kwa sababu halionekani kama jambo: kivuli. Mazoezi ya uwanjani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri huwaunguza, na saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwao. Fanyeni asubuhi na mapema au jioni, chini ya mwembe au turubai, na kofia pana na mikono mirefu viingizwe kwenye maleba. Taa kali inayopigwa usoni huwaumiza macho na kuwafanya wakunje uso. Fundi aisogeze pembeni na kuipunguza nguvu.

Kuhusu kifafa, kikundi kizima kifundishwe siku ya kwanza: mtu akianguka, ondoa vitu vyenye ncha, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu, tazama saa, usimshikilie kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikizidi dakika tano, hospitali. Hakuna pepo wa kukemewa. Taa za kumwekamweka zitolewe kwenye mchezo kabisa, kwa sababu hata kwa watazamaji hujui nani yumo.

Hatua ya 7: Mpe uhusika, usimpe somo

Ado Annie, uhusika uliompa Stroker ile tuzo, ni msichana mcheshi asiyeweza kumkatalia mwanamume. Hakuna mahali mchezo unasema anatumia kiti mwendo. Alitumia, na mchezo ukaendelea. Fanya vivyo hivyo. Shangazi mchochezi, tapeli wa viwanja, mganga, hakimu, mke mwenza, yeyote kati yao anaweza kuwa haoni au kutembea kwa magongo bila mtu yeyote jukwaani kulieleza jambo hilo. Watazamaji watalitazama kwa dakika tano, halafu watataka kujua kama kiwanja kitapatikana.

Michezo ya kampeni huwageuza watu hawa kuwa ama maskini wa kuhurumiwa ama shujaa aliyeushinda ulemavu wake kwa moyo safi. Yote mawili yanachosha, na waigizaji wenyewe watakwambia yanachosha. Waache wawe waongo, wachoyo, wapenzi, wajinga. Hizo ndizo sehemu wanazogombania waigizaji wote.

Vichekesho vina ugonjwa wao: mtu mzima na miguu yake anachechemea, anajifanya ana kigugumizi, anapinda mdomo, na ukumbi unalipuka. Nauona ni uvivu. Mchekeshaji mwenye kigugumizi akitaka kujitania, kalamu ni yake, na mara nyingi utani wake huwa mkali kuliko wa hao wanaomwiga, kwa kuwa unawarudia waliokaa vitini. Kikundi kisichomwajiri hakina haki ya kumwiga.

Hatua ya 8: Watazamaji

Wasanii wenye ulemavu huja na ndugu na marafiki, nao wengine wana ulemavu. Acha nafasi za viti mwendo katikati na pembeni, wakae na jamaa zao, wasipangwe wote kwenye kona moja kama mizigo. Mkalimani asimame karibu na igizo, avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, na taa yake isizimwe hata jukwaa likiwa giza. Viziwi wakae upande huo. Wasioona waalike nusu saa mapema, wapande, waguse maleba, washike mkuki na mtungi, wasikie kila mwigizaji akijitaja kwa sauti yake ya jukwaani. Hilo halina gharama, na watoto wanaoona nao watalitaka.

Mwezi Oktoba 2011 onyesho la The Lion King lilichezwa Broadway maalumu kwa familia zenye watu wenye usonji: sauti zilipunguzwa, watu waliruhusiwa kutoka na kurudi, kupiga kelele, kutembea. Maonyesho ya namna hii yameenea Uingereza na Marekani, na Battersea Arts Centre ya London iliyafanya kuwa desturi ya jumba zima mwaka 2020. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za uwanjani atacheka kidogo. Sisi tulikuwa na mtoto anayelia, mzee anayemjibu mhusika, na kina mama wanaoingia na kutoka, mpaka tulipojenga kumbi za giza na kuanza kuwanyamazisha watu. Tangaza onyesho moja kati ya matatu liwe la namna hiyo: taa za ukumbini zisizimwe kabisa, mlango ubaki wazi, na mwanzoni mtu atoke kueleza ni wapi katika mchezo patakuwa na mlio mkubwa. Fanya hivyo na utawapata watu ambao hawajawahi kulipa kiingilio chako hata siku moja.

Hatua ya 9: Baada ya pazia

Kaeni ndani ya wiki moja, mkiwa na orodha ya hatua ya pili mkononi, muulize kila mtu kipi alikipata na kipi alikikosa. Kiandikwe. Mwongozaji asijitetee katika kikao hicho.

Halafu tazama nani anaamua. Kundi la Graeae la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1980, lilianza kuongozwa mwaka 1997 na Jenny Sealey, ambaye ni kiziwi, na huyo huyo alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa ufunguzi wa Michezo ya Paralimpiki ya London mwaka 2012. Kikundi chako kikifika mchezo wa tatu na wenye ulemavu bado wanaigiza tu, hawaandiki, hawaongozi, hawashiki kitabu cha fedha, basi umesimama. Mpe mmoja wao mchezo mfupi aongoze mwenyewe, na wewe ushike taa.

Kama mnaanza mazoezi mwezi ujao, piga simu kwenye chama cha viziwi wiki hii. Wakalimani wazuri ni wachache, na huwa wameshachukuliwa.